Aliyesimama Mvuani: Kisa cha Posa Moja ya Kisauni

Kesi hii ilinifikia kama kesi ya simu iliyovunjika. Shangazi mtu ndiye aliyeileta, Jumapili asubuhi, mfuko wa mahamri mkononi, na alichotaka kilikuwa kidogo tu: nimwambie binti wa kaka yake aache kununa. Mchumba wake alimvunjia simu Alhamisi. Ijumaa usiku akaja kusimama mvuani nje ya lango kuomba radhi, tangu saa tatu hadi karibu saa saba. Jumamosi akaleta simu mpya, nzuri kuliko ile ya kwanza, imefungwa pamoja na maua.

"Sasa mwanamke ataka nini tena, bi?" aliniuliza. "Mimi nililia. Kama yule wa saa mbili, kitu kimoja!"

Yule wa saa mbili ni mhusika wa tamthilia. Nami, niseme kweli, nilimjua mara moja, maana kwangu pia hutazamwa.

Sisi ni wanawake watano wa mtaani Kisauni tunaojitolea kusikiliza mambo ya majumbani. Ofisi hatuna. Tuna ukumbi wa mwenzetu mmoja, daftari kubwa, na ukurasa wa mwisho wa daftari hilo wenye namba za kupiga, ya kwanza ikiwa 1195, ile ya bure ya kusaidia walioumizwa nyumbani. Kisa hiki nakisimulia kwa ruhusa ya binti na ya nyanyake, na majina nimeyaacha. Nakiandika kwa urefu kwa sababu wazazi huniuliza kila mara kama ni filamu na tamthilia zinazowafunza watoto wetu kupiga na kukubali kupigwa. Kabla ya kesi hii nilikuwa na jibu lililokuwa tayari mdomoni.

Binti ana miaka 22. Mamake alifariki zamani. Anaishi na nyanya mzaa baba, shangazi, na watoto wa shangazi. Wakati huo alikuwa akifanya kazi kwenye kibanda cha M-Pesa Mwembe Tayari. Kijana ana miaka 29, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mpole, hakosi msikitini, akiingia nyumbani kwa watu haachi kumuuliza nyanya hali ya magoti yake. Posa ililetwa kwa heshima zote, ikapokewa.

Binti alipokuja mwenyewe nilimwomba asinieleze alivyohisi. Nilitaka tarehe tu. Ni mazoea yangu. Hisia hubadilika kila zinaposimuliwa, tarehe haibadiliki. Basi tukaandika. Mwezi wa kwanza baada ya posa, kijana alimtaka awashe lokesheni ya simu muda wote, "nijue umefika salama." Mwezi wa pili alitaka namba ya siri ya simu, akapewa. Kisha akawa anamfuata kazini kila jioni, hata siku aliyoambiwa usije. Siku moja binti alikuwa matangani Likoni, feri ikachelewa, na alipovuka alikuta simu 37 alizokuwa hakuzisikia. Mwezi wa nne kijana alikwenda kwa mwenye kibanda akamwambia kwamba binti anaacha kazi mwisho wa mwezi. Binti aliambiwa na tajiri wake kwamba ameacha kazi. Nyumbani habari hiyo ilipokewa kwa vigelegele: mwanamume gani siku hizi aona haya mkewe akishikana mikono na wateja?

Halafu simu. Mteja wa siku nyingi alituma ujumbe wa asante wenye kopa nyekundu, na simu ikagongwa ukutani.

Tulikuwa tumeshamaliza, nimefunga daftari, aliposema kama mtu anayekumbuka mwavuli: "Na kuna ile ya gari, lakini ile haikuwa mbaya."

Ile ya gari ilikuwa hivi. Jioni moja walikuwa wakigombana kuhusu kazi. Kijana alimchukua Mwembe Tayari, akavuka daraja la Nyali, na walipofika Kongowea, badala ya kukunja kuelekea nyumbani, akafunga milango kwa swichi yake na kuendelea: Bombolulu, Bamburi, Shanzu, hadi ng'ambo ya daraja la Mtwapa. Alikuwa akiendesha kwa kasi. Alimwambia watarudi akishasema kwamba anampenda. Walirudi saa nne usiku.

"Kwa nini haikuwa mbaya?"

Alinyamaza kidogo, akatabasamu. "Ilikuwa kama kwenye tamthilia, khalati."

Tamthilia yenyewe sitaitaja, kwani ziko nyingi na zafanana kama watoto wa kuku. Ni ya Uturuki, imetiwa sauti za Kiswahili. Tajiri mwenye kidevu kikali anampenda msichana maskini asiyemtaka. Anamkamata mkono kila wanapokutana. Anamwambia "wewe ni wangu" kwa Kiswahili sanifu kabisa. Sauti kama ile hata ingesoma matangazo ya vifo redioni ungetaka irudie. Usiku mmoja anamtia garini kwa nguvu, anaendesha kando ya jabali juu ya bahari, msichana analia ashushwe, naye anazidisha mwendo hadi atamke neno. Anapolitamka, gari linasimama, jua linachomoza, fidla zinaingia. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa ukizungumzia kipindi hicho, hata muuza viazi karai.

Kuna jambo ambalo wanaolaumu filamu hulipita haraka, nami nataka kukaa nalo. Tamthilia hizi zimeingia sebuleni mwetu kwa sababu ni za adabu. Hakuna aliye uchi, kubusiana ni kwa nadra, wazee wanabusiwa mikono. Nyanya huyu, ambaye filamu ya Kimarekani ikianza hutafuta rimoti kabla ya sekunde ya kumi, hii aliipa idhini yake. Kwao Uturuki sigara na glasi ya pombe hufunikwa kwa ukungu kwenye televisheni ili watoto wasizione. Mkono unaomkamata msichana hadi uso wake ukunjane haufunikwi na kitu.

Na kwetu ni hivyo hivyo. Kenya ina bodi ya kuainisha filamu, ina alama zake, GE (ya watu wote), PG (kwa uangalizi wa wazazi), 16 na 18 (za umri), na ina saa za ulinzi kwenye televisheni, tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, ambapo mambo ya watu wazima hayaruhusiwi. Bodi hiyo imewahi kupiga marufuku filamu za kigeni mwaka 2014 na 2015, na kelele kubwa zilikuwa za uchi na lugha chafu. Tamthilia yetu inaonyeshwa saa mbili usiku, katikati ya saa za ulinzi, na kwa kipimo hicho ni safi kama pamba. Macho yetu yamefunzwa kutafuta ngozi na damu. Mwanamume anayemwachisha mtu kazi bila kumuuliza haonyeshi ngozi wala damu.

Kosa langu la kwanza katika kesi hii nalisema wazi. Nilikwenda kwao, nikamwamkia nyanya, nikakaa, nikahubiri. Nikasema hizi tamthilia ndizo, zimeni hiyo TV, mtoto ataolewa na mhusika. Binti, ambaye hajawahi kuniinulia sauti, akauliza: "Nyanya alipigwa na TV gani?"

Chumba kilikuwa kimya hadi nikasikia feni. Nyanya aliolewa miaka mingi kabla ya televisheni kuingia nyumba ile, na alama iliyo juu ya nyusi yake ya kushoto sote tunaijua. Wakati huo hapakuwa na fidla. Palikuwa na neno "stahamili", na lilitosha. Mshairi Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, na radhi ya mume imo mle ndani na uzito wake wote. Visiwani Lamu hapakuwa na king'amuzi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofika miaka 15. Kiasi hicho huwezi kukitundika kwenye antena peke yake.

Nilirudi nyumbani nimefedheheka, na nadhani fedheha ile ndiyo iliyoiokoa kesi. Siku ya pili sikuzungumza habari ya kuzima chochote. Nilimpa binti kalamu nikamwomba aniandikie kile kipindi cha gari kama polisi anavyoandika OB, kitabu cha matukio cha kituoni: hakuna muziki, hakuna jua, hakuna macho ya mwanamume. Mlalamishi, saa, mahali, kilichotendeka. Alicheka, akaanza. Ukurasa ule ninao bado:

"Saa tano usiku. Mlalamishi, mwanamke, aripoti kwamba mwanamume anayemfahamu alimtia garini kwa nguvu na kufunga milango. Aliendesha kwa kasi kando ya jabali. Mlalamishi aliomba kushushwa mara nyingi. Mwanamume alisema hatamshusha mpaka atamke kwamba ampenda. Mlalamishi alitamka."

Hapo kalamu ilisimama. Aliangalia alichokiandika kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Mimi pia nilitamka," akasema. "Pale Mtwapa. Nilitamka ili anirudishe."

Zoezi lile nililibuni kwa kubahatisha, lakini si mimi wa kwanza kushuku muziki. Mtafiti Julia Lippman wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alichapisha mwaka 2015 jaribio lake la kuwaonyesha wanawake filamu zenye mwanamume anayemwandama mwanamke asiyemtaka. Wengine walionyeshwa filamu ambamo kuandamwa kunachekesha na kupendeza, wengine filamu ambamo kunatisha. Tendo ni lile lile, kufuatwa. Waliotazama la kutisha walipunguza kuamini kwamba kuandamwa ni ushahidi wa mapenzi. Kwa upande wa filamu za kupendeza, walioelekea kuamini zaidi ni wale waliozama ndani ya hadithi na kuiona kama maisha yenyewe. Wengine walifuta machozi ya kicheko wakaenda zao.

Kuzama, basi. Nikawaza jinsi tamthilia hizi zinavyokatwakatwa: kipindi kimoja cha Uturuki huenda saa mbili na zaidi, kikifika huku hugawanywa vipande na kuonyeshwa kila siku, miezi na miezi. Nyumba ile ilikaa na yule tajiri wa kidevu jioni nyingi kuliko walivyowahi kukaa na ami zao. Walimwona akilia peke yake. Walijua babake alimtesa. Utamchukiaje mtu uliyemjua kiasi hicho?

Linganisha na vibanda vya video. Kaka zangu walikulia Majengo kwenye vibanda hivyo, wakilipa sarafu kuona watu wakikatwa vichwa huku msimulizi akizitafsiri filamu kwa vichekesho vyake. Ukatili uliokuwa mle ndani ni mara mia ya huu. Sijui hata mmoja aliyetoka pale akiamini kwamba kukatwa kichwa ni njia ya kuonyeshwa mapenzi. Nikipewa watoto kesho niwachagulie, na chaguo ni risasi au fidla za saa mbili, nitawaachia risasi. Najua wengi hawatakubaliana nami.

Iliyobaki ilikuwa kumsikia kijana. Sikuwaweka chumba kimoja; sifanyi hivyo kamwe pakiwa na hofu. Nilimkuta barazani na ami wa binti, kahawa tungu mezani. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza habari za tamthilia, nimwonyeshe anavyomuiga yule tajiri.

"Hizo mimi sitazami," akasema. "Mimi ni mpira tu."

Hata kipindi kimoja hajawahi kukiona. Nikamuuliza nani basi alimwambia akasimame mvuani. Akamtazama ami, akaona haya. "Shangazi yake alinipigia. Alinambia, mwanangu, njoo usimame nje, atalainika." Na maua? Binti mwenyewe aliwahi kuweka maua kama yale kwenye stetasi yake ya WhatsApp. Na simu ukutani? "Hiyo ni hasira zangu." Na gari? Akanyamaza, kisha akasema jambo ambalo nafikiri alilisema kwa unyofu kabisa: "Babangu alikuwa hivyo, na mamangu yuko kwake mpaka leo."

Kuna wanaodhani filamu hufanya kazi kama ile sinema ya Albert Bandura na mwanasesere, jaribio lake la miaka ya 1960: mtoto anaona mtu mzima akimpiga mwanasesere, naye anampiga. Huyu hakuona cha kuiga. Ubabe wake alirithi nyumbani kwao. Tamthilia ilikuwa imekwenda kwa wengine: kwa shangazi aliyeandaa msamaha kabla haujaombwa, kwa majirani waliochungulia dirishani Ijumaa ile wakasema masikini, yuampenda, na kwa binti aliyeiacha nje ya hesabu ile safari ya Mtwapa. Kijana alivunja simu kwa hasira zake mwenyewe, na nyumba nzima ikaona maua.

Nilipowasimulia haya wanawake wenzangu, mmoja alisema basi televisheni ni ya kutupwa baharini. Hapana. Watafiti Robert Jensen na Emily Oster walifuatilia vijiji vya India vilivyoingiziwa televisheni ya kebo, na katika utafiti wao wa 2009 wanawake wa huko, baada ya kebo kufika, walipungua kusema kwamba mume ana haki ya kumpiga mke. Kwa jirani zetu Uganda, mtafiti Donald Green na wenzake walitumia vibanda vya video vya vijijini: katikati ya filamu za kawaida walipenyeza michezo mifupi kuhusu mke anayepigwa na majirani wanaojua wakanyamaza. Watu hawakubadili sana fikra zao kuhusu kupiga kwenyewe. Kilichobadilika ni kwamba wanawake walizidi kuwa tayari kusema, na miezi iliyofuata nyumba zenye ukatili zilipungua. Michezo ile ilielekezwa kwa anayejua na kunyamaza. Mwetu mwenye kujua alikuwa shangazi, tena yeye hakunyamaza, alipiga simu.

Shangazi si mtu mbaya. Aliachwa akiwa na miaka 26 na watoto wawili, na mwanamume aliyemwacha hakusimama hata kwenye kivuli cha mwembe, seuze mvuani. Ukimwona akilia saa mbili, hilo ndilo analolilia. Nilimwambia hivyo, akanikasirikia wiki mbili.

Aliyeimaliza kesi ni nyanya. Alisomewa ukurasa wa OB, akaomba asomewe tena, kisha akasema: "Yule wa kwenye TV ana mtu wa kumwandikia toba. Huyu wetu yuaandikiwa na nani?" Akamwagiza mwanawe airudishe posa.

Haikuishia hapo, maana haiishii hapo kamwe. Binti alimfungia kijana simu na WhatsApp. Kijana akaanza kumtumia shilingi 10 kwa M-Pesa, kwa sababu ujumbe wa pesa huingia hata ukimfungia mtu namba. Alituma mara kumi na moja siku moja. Watu wengine walicheka. Yule mteja wa kopa nyekundu, nilisikia, alisema hiyo nayo ni juhudi. Sisi tulichukua daftari hadi dawati la jinsia la polisi. Sheria ya kinga dhidi ya ukatili wa majumbani ya mwaka 2015 inataja kwa jina kumwandama mtu, kumtisha, kumnyima uwezo wa kiuchumi na kuharibu mali yake, na inawahusu pia waliochumbiana, hata uchumba ukishavunjika; mahakama yaweza kutoa amri ya kumzuia asimkaribie. Amri hiyo hatukufika kuiomba. Kijana aliitwa, akasomewa tarehe zake moja moja, na shilingi kumi zikakoma.

Binti sasa yuko kibanda kingine, Kongowea. Nyumbani saa mbili bado ni saa mbili. Nilipitia pale mwezi uliopita, nikakuta wale wawili wa tamthilia wanafunga ndoa, mikono imekamatana, fidla zimepamba moto. Nyanya akaomba rimoti, akazima sauti, akasema hebu tuwaone hivyo hivyo, kimya kimya. Tukawaona. Mdomo wa bwana harusi ulikuwa ukienda, na bibi harusi akitazama chini. Shangazi alisubiri hadi mamake aliposinzia kitini, akaichukua rimoti pajani mwake taratibu, akarudisha sauti.